Ukurasa Una Kufuli, Picha Hazina: Mafaili ya Tovuti Katika Njia Salama na Isiyo Salama

Mfanyabiashara mmoja wa dagaa anayepokea mzigo wake Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, alinipigia simu akilalamika kwamba cheti cha usalama, yaani faili la kuthibitisha kwamba tovuti ni ya mwenye jina lake, kimeiharibu tovuti yake. Tovuti hiyo ilikuwa imedumu miaka kadhaa kwenye anwani inayoanza na http, wanunuzi wake wa Burundi na Kongo wakiitumia kutazama picha za mzigo na kuacha oda, mpaka fundi aliyeitengeneza alipomwekea cheti na kuihamishia kwenye https, njia iliyo salama. Kesho yake ukurasa ulifunguka ukiwa na maneno meusi yaliyorundikana upande wa kushoto, viungo vya bluu vilivyopigiwa mstari, menyu isiyofunguka, nembo haipo, na mahali pa picha za dagaa pana visanduku vitupu. Fundi alimweleza kwamba https ndivyo ilivyo, ni nzito, na akashauri warudi walikotoka.

Ushauri huo haukuwa sahihi, ingawa naelewa ulikotoka, kwa sababu mtu anayeona tovuti ikivunjika saa ileile alipoweka cheti hawezi kulaumiwa kwa kukishuku cheti. Kilichotokea ni kwamba ukurasa ulihamia njia mpya na mafaili yake yakaachwa kwenye njia ya zamani.

Mafaili tuli ni yale ambayo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, huyatoa kama yalivyo, bila kuyatunga upya kwa kila mgeni: picha, fonti, faili la mtindo linalopanga rangi na nafasi, skripti zinazofungua menyu na kukagua fomu, video, na nyaraka za kupakua. Bei ya leo ya dagaa inaweza kutolewa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za tovuti, kila ukurasa unapofunguliwa, lakini nembo ya duka ni ileile ya mwaka juzi. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, hupokea kwanza maandishi ya HTML yanayoueleza ukurasa, huyasoma kuanzia juu, na kila kinapokutana na anwani ya faili hutuma ombi jipya kulifuata. Ukurasa mmoja wa kawaida huweza kuzaa makumi ya maombi ya namna hiyo. Jambo linalosahaulika, hata na mafundi, ni kwamba kila ombi kati ya hayo hufanya safari yake, na njia litakayopita haiamuliwi na ukurasa uliolizaa bali na anwani iliyoandikwa ndani ya ukurasa huo. Ukurasa unaweza kuja kwa https, faili lake la mtindo likaitwa kwa http, na skripti ikatoka kwenye seva ya mtu wa tatu ng'ambo, yote hayo katika sekunde moja na mbele ya msomaji anayeona anwani moja tu juu ya kioo.

Http, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, hupitisha maombi na majibu wazi, kwa kawaida kwenye poti, yaani mlango wa seva, namba 80. Https ni itifaki ileile, yaani kanuni zilezile za mawasiliano, iliyovikwa tabaka la TLS, kwa kawaida kwenye poti namba 443. TLS ni mrithi wa SSL, iliyotoka katika kampuni ya Netscape katikati ya miaka ya 1990. Jina lilibadilika mwaka 1999, na toleo la TLS 1.3 lilikamilishwa Agosti 2018. Tabaka hilo huficha kinachosemwa, hugundua kilichochezewa njiani, na huthibitisha kwamba seva inayojibu ndiyo yenye haki ya jina lililo kwenye anwani. Wengi wakisikia usalama huifikiria kazi ya kwanza peke yake, na hapo ndipo huzuka hoja inayosikika ya busara: nembo ya duka si siri, faili la mtindo si siri, kila mtu anaruhusiwa kuviona, basi kuna haja gani ya kuvificha?

Hoja hiyo inasahau kazi ya pili. Skripti ikishaingia kwenye ukurasa hupewa mamlaka yote ya ukurasa huo: inaweza kusoma kila herufi anayoandika mteja kwenye fomu, kubadili namba ya simu ya malipo, au kumpeleka mteja kwingine kabisa. Yeyote aliye katikati ya safari, awe mwenye kisambazio cha waifai katika nyumba ya wageni, awe aliyedukua kisambazio hicho, awe mtoa huduma wa intaneti, anaweza kuibadili skripti inayopita kwa http na kivinjari kisijue. Hili lilikwisha kutokea kwa kiwango kikubwa. Machi 2015 skripti za kuhesabu wageni za kampuni ya Baidu, ambazo tovuti nyingi ziliziita kwa http, zilibadilishwa njiani zikiwa zinavuka mipaka ya China, na vivinjari vya wasomaji wasiojua lolote vikaanza kutuma maombi mfululizo kwa GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, hadi huduma hiyo ikaelemewa kwa siku kadhaa. Hakuna seva ya Baidu iliyohitaji kuvunjwa. Faili tuli lililokuwa wazi barabarani lilitosha.

Hata picha, isiyoweza kuamuru lolote, ina hatari yake, na hii ndiyo ninayoona ikieleweka kwa uchache zaidi. Mteja akishaingia kwenye akaunti, tovuti humpa kidakuzi, yaani kipande cha maandishi kinachomtambulisha katika kila ombi linalofuata. Kivinjari hukiambatisha kidakuzi hicho na ombi lolote linalokwenda kwenye kikoa hicho, yaani jina hilo la tovuti, likiwamo ombi la kuchukua picha ndogo ya kona ya ukurasa. Ikiwa picha hiyo inaitwa kwa http, na kidakuzi hakikuwekewa alama ya kukizuia kupita njia isiyo salama, basi kitambulisho cha mteja husafiri wazi hata kama neno lake la siri lilipita kwa https. Oktoba 2010 programu ndogo iitwayo Firesheep, iliyounganishwa na kivinjari cha Firefox, ilionyesha jinsi mtu yeyote aliyeketi kwenye waifai ya wazi anavyoweza kuokota vidakuzi vya wenzake na kuingia kwenye akaunti zao kwa kubonyeza mara moja tu. Tovuti zilizoathirika zilikuwa zimefanya kile ambacho wakati huo kilihesabiwa kuwa tahadhari ya kutosha, yaani kulinda ukurasa wa kuingilia na kuacha mengine yote wazi.

Vivinjari navyo vilichoka kuwategemea mafundi, vikaanza kukataa vyenyewe. Ukurasa wa https unaoita kitu kwa http huitwa ukurasa wenye maudhui mchanganyiko, na vivinjari huyagawa maudhui hayo katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vitu vinavyoweza kuubadili ukurasa, yaani skripti, mafaili ya mtindo, fonti, na kurasa zilizopachikwa ndani ya kurasa nyingine. Hivi huzuiwa moja kwa moja, na Firefox ilianza kufanya hivyo bila kumuuliza mtumiaji katika toleo la 23, Agosti 2013. Kundi la pili ni la picha, sauti na video. Kwa miaka mingi hizi zilipitishwa huku kufuli, ile alama ya https iliyo kando ya anwani, ikiondolewa au kuwekewa alama ya onyo, mpaka Oktoba 2019 Chrome ilipotangaza kwamba itaziita yenyewe kwa https hata kama anwani inasema http, na zisipopatikana huko zisionyeshwe. Firefox ilifuata mkondo huo mwaka 2024.

Sasa kilichoisibu tovuti ya dagaa kinaeleweka. Faili la mtindo liliitwa kwa http, likazuiwa, na ndiyo maana ukurasa ukabaki uchi. Skripti ya menyu ilizuiwa kwa sababu hiyohiyo. Picha zilikuwa na hadithi tofauti. Zilihifadhiwa kwenye kikoa kidogo cha pembeni, tuseme picha.example.com, wakati cheti kilichonunuliwa kilitaja example.com na www.example.com peke yake. Kivinjari kilijaribu kuzifuata picha kwa https, seva ikajibu kwa cheti kisicho na jina lililoombwa, kivinjari kikakataa, na visanduku vikabaki vitupu. Cheti hutaja majina kwa orodha, na jina lisilo kwenye orodha halina cheti. Hata cheti chenye nyota, kinachokubali kikoa kidogo chochote, huishia ngazi moja: kinachoikubali picha.example.com hakiikubali leo.picha.example.com.

Fundi alikuwa amefanya jambo moja aliloamini lingemaliza kazi yote. Aliiagiza seva kwamba ombi lolote linalofika poti 80 lijibiwe kwa amri ya kuhamia poti 443, ile inayojulikana kwa namba 301. Amri hiyo ni ya lazima, kwani bila yake viungo vya zamani na watu wanaoandika anwani kwa mkono watabaki upande usio salama, lakini haitibu maudhui mchanganyiko hata kidogo. Kivinjari kikikuta skripti yenye anwani ya http ndani ya ukurasa wa https hukizuia kitu hicho kabla ya kutuma ombi lolote. Seva haipati hata nafasi ya kusema hamia huku. Nimeona saa nyingi zikipotea kwa kukagua mipangilio ya seva iliyo sahihi kabisa, kwa sababu tu mkaguzi alidhani ombi lilifika.

Kuna mbinu ya zamani inayopaswa kutajwa kwa sababu bado imejaa katika tovuti nyingi, nayo ni ya kuandika anwani ya faili bila kutaja itifaki, ikaanza na mistari miwili ya mshazari, kama //faili.example.com/mtindo.css. Kivinjari hujaza chenyewe sehemu iliyokosekana kwa kufuata njia ya ukurasa: ukurasa wa http huliita faili kwa http, wa https kwa https. Ilikuwa mbinu nzuri katika zama zake. Wakati huo tovuti nyingi ziliishi pande zote mbili, na zilikuwa na sababu za msingi za kufanya hivyo. Cheti kilinunuliwa kwa fedha na kuhuishwa kwa makaratasi. Kila tovuti ya https ilihitaji anwani yake ya IP, yaani namba yake ya pekee kwenye mtandao, kwa kuwa seva ililazimika kuonyesha cheti kabla ya kuambiwa mgeni anatafuta jina gani. Nyongeza ya TLS inayomruhusu mgeni kutaja jina mapema, iitwayo SNI, iliandikwa mwaka 2003, lakini Internet Explorer kwenye Windows XP haikuwahi kuielewa, na kompyuta za namna hiyo zilijaa maofisini na katika vibanda vya intaneti miaka mingi baadaye. Tena iliaminika kwamba kusimba, yaani kugeuza data kuwa fumbo, na kusimbua kungeielemea seva. Basi duka likawa na kurasa za bidhaa kwa http, ukurasa wa malipo kwa https, na mafaili yaleyale yakitumikia pande zote mbili kwa msaada wa mistari miwili.

Sababu hizo zote zimekwisha. Mwaka 2010, Gmail ilipohamia https kwa watumiaji wake wote, wahandisi wa Google walieleza kwamba kazi ya kusimba ilichukua chini ya asilimia 1 ya nguvu za vichakato vya seva zao na kuongeza chini ya asilimia 2 ya mzigo wa mtandao, na hawakuhitaji mashine za ziada. Desemba 2015 shirika la Let's Encrypt lilifungua milango kwa umma likitoa vyeti bure, vya siku 90, vinavyohuishwa na programu bila mtu kushika kalamu. Julai 2018 Chrome ilianza kuandika kwamba si salama mbele ya kila ukurasa wa http. Mistari miwili imebaki na madhara yake bila faida yake: ukurasa ukifunguliwa kwa http, skripti nayo huja kwa http, hata kama seva yake iko tayari kuitoa kwa njia salama, ukurasa ukifunguliwa kutoka kwenye diski ya kompyuta, kivinjari hulitafuta faili ndani ya diski hiyohiyo na kulikosa, na barua pepe yenye nembo iliyoandikwa hivyo hufika bila nembo kwa wasomaji wengi. Faili lililo kwenye kikoa chako mwenyewe liandikwe kwa njia inayoanzia mzizi wa tovuti, kama /mtindo.css, na faili la kikoa kingine liandikwe kwa https wazi, ukurasa uwe wa namna yoyote. Hakuna kivinjari kinachomzuia mwenye ukurasa wa http kuita faili kwa https.

Niseme sasa juu ya uzito, maana kule kulalamika kwamba https ni nzito hakukuwa uongo mtupu, na sisi tulio huku ziwani tunauhisi kuliko aliye mlango wa pili na seva. Data ya Mwanza inayokwenda Ulaya kwa kawaida husafiri nchi kavu hadi pwani ya Bahari ya Hindi ndipo iingie kwenye nyaya za chini ya bahari. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu, kwamba kwenda na kurudi ni milisekunde 200. Kwa http, safari moja hutumika kufungua muunganisho na ya pili kuleta jibu, jumla 400. Kwa https ya TLS 1.2 huongezeka safari mbili za kupatana funguo za kusimbia, jumla 800, na kwa TLS 1.3 huongezeka moja tu, jumla 600. Hiyo ndiyo bei, na inalipwa kwa kila seva mpya inayoguswa, si kwa kila faili. Tovuti inayochukua fonti kwa mmoja, skripti kwa mwingine, picha kwa wa tatu na kaunta ya wageni kwa wa nne, hulipa mara nne, na hapo ndipo mteja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, aliye kwenye laini dhaifu hutazama kioo cheupe.

Ndiyo maana mashauri ya miaka ya nyuma ya kuyatawanya mafaili kwenye vikoa vingi yamepinduka. Yalitolewa kwa sababu vivinjari hufungua miunganisho sita hivi tu kwa kila seva katika HTTP/1.1, toleo la zamani la http, na kuongeza vikoa kulikuwa ni kuongeza foleni za kupakulia. HTTP/2, toleo lililofuata, iliyochapishwa Mei 2015, hupitisha maombi mengi kwa pamoja katika muunganisho mmoja, na vivinjari vyote vikubwa huikubali juu ya TLS peke yake. Matokeo yake ni kwamba ukurasa wenye mafaili mengi kwenye seva moja unaweza kufika haraka kwa https kuliko kwa http, gharama ya kupatana funguo ikiwa imekwisha kufidiwa. Hoja ya kuchukua maktaba maarufu za skripti kwenye seva za pamoja, kwamba huenda mgeni alikwisha kuzipakua akiwa kwenye tovuti nyingine, nayo imekufa: kivinjari cha Safari kilianza zamani kutenga hifadhi ya muda, yaani akiba ya mafaili yaliyokwisha kupakuliwa, kwa kila tovuti, na Chrome ilifanya hivyo mwaka 2020, hivyo faili lililopakuliwa kwa ajili ya tovuti moja haliazimwi kwa nyingine.

Hifadhi hiyo ya muda ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, kivinjari huhifadhi mafaili ya https kama kinavyohifadhi ya http. Wanaosema vinginevyo wanakumbuka matoleo ya zamani ya Firefox yaliyotaka ruhusa ya pekee. Seva ikiambatisha na faili maneno Cache-Control: max-age=31536000, immutable, simu ya mteja italitunza mwaka mzima bila kuuliza tena, mradi fundi abadilishe jina la faili kila anapolibadilisha. La pili linamhusu kila anayenunua bando: anwani ya http na anwani ya https za picha ileile, kwa kivinjari, ni vitu viwili visivyohusiana. Tovuti inayoendelea kutoa mafaili yake kwa njia zote mbili humfanya mgeni anayehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine apakue kila kitu mara mbili. Kwa picha za mzigo zilizopigwa kwa simu na kupandishwa bila kupunguzwa, hiyo ni fedha ya mtu.

Kipo kitu kimoja ambacho https ilituondolea kweli, na sioni sababu ya kukificha. Shule iliyoko kisiwani, yenye intaneti ya setilaiti ya bei kali, zamani iliweza kuweka kompyuta katikati inayotunza nakala ya kila picha na skripti iliyokwisha kupita, hivyo wanafunzi arobaini wakifungua ukurasa mmoja, faili husafiri angani mara moja tu. Kompyuta hiyo haiwezi kusoma kinachopita ndani ya TLS, kwa hiyo haina cha kutunza. Kwa TLS, mwizi na mtunza nakala ni mtu yuleyule aliye katikati. Kuwekea kila simu ya mwanafunzi cheti cha shule ili kompyuta hiyo iruhusiwe kufungua kila kitu ni tiba mbaya kuliko ugonjwa, na kilichobaki ni kuwa na hifadhi ya muda iliyopangwa vizuri ndani ya kila kifaa pamoja na nakala za masomo zilizowekwa kwa makusudi kwenye seva ya shule yenyewe.

Lawama nyingine huiangukia https ilhali kosa liko pembeni yake. Simu iliyozimika siku nyingi ikawaka na tarehe ya mwaka 2015 itakikataa kila cheti, kwa kuwa kwake yeye vyote havijaanza kazi. Simu za Android za kabla ya toleo la 7.1.1 hazikulijua shina la vyeti la Let's Encrypt, yaani cheti cha juu kabisa kinachoaminiwa na kifaa chenyewe, na zilibebwa kwa muda na mpango wa kuunganisha vyeti vyake na shina la zamani; simu hizo bado zinauzwa mkono wa pili. Tatizo lililo mikononi mwa fundi ni la mnyororo: cheti cha tovuti husainiwa na cheti cha kati, na hicho na shina, nayo seva inapaswa kutoa cheti cha tovuti pamoja na cha kati. Fundi akisahau cha kati, kompyuta yake huenda ikafungua tovuti bila shida, kwa sababu kivinjari chake kilikwisha kukihifadhi au kimekwenda kukitafuta chenyewe, huku simu ya mteja ikitoa onyo jekundu. Kila anayeweka cheti akijaribie kwenye simu ya bei nafuu, na kwenye kikoa cha mafaili vilevile, si kwenye ukurasa wa mbele tu.

Wala kufuli isidhaniwe kuwa hati ya mwenendo mwema. Juni 2024 ilibainika kwamba kikoa cha polyfill.io, kilichokuwa kikitoa skripti kwa tovuti nyingi mno, kilikuwa kimebadili mmiliki, na baadhi ya wageni walikuwa wakipewa skripti yenye madhara. Skripti hiyo iliweza kufika kwa https, bila kuguswa na mtu njiani, ikitoka hasa kwa mwenye jina. Kinga yake ni nyingine: kuandika ndani ya ukurasa muhtasari wa kihesabu wa faili unalolitarajia, ili kivinjari kilikatae likitofautiana hata kwa herufi moja, au bora zaidi, kulihifadhi faili hilo kwako mwenyewe.

Kwa tovuti ya dagaa tulianza na cheti kipya kilichotaja majina yote matatu. Kisha seva iliagizwa kuambatisha na kila ukurasa maneno Content-Security-Policy: upgrade-insecure-requests, yanayokiambia kivinjari kibadilishe chenyewe kila http kuwa https kabla ya kuita, mtindo na menyu vilirudi dakika hiyohiyo. Hiyo ilikuwa bandeji, nasi tulihitaji kusafisha kidonda, maana anwani za zamani zilikuwa zimeandikwa ndani ya kanzidata kwa miaka. Hapa tahadhari inahitajika. Mifumo ya kuendeshea tovuti kama WordPress huhifadhi baadhi ya mipangilio kwa kuandika maneno pamoja na idadi ya herufi zake, na https ina herufi moja zaidi ya http. Anayebadilisha kwa amri ya moja kwa moja kwenye kanzidata huacha idadi ya zamani kando ya neno jipya, na mipangilio hiyo haisomeki tena. Ipo zana ya WordPress iitwayo wp-cli inayobadilisha neno na kuhesabu upya, ndiyo tuliyoitumia, baada ya kuchukua nakala ya kila kitu.

Fonti ndizo zilizotusumbua mwisho. Zilikuwa kwenye kikoa cha picha, na kivinjari hakichukui fonti ya kikoa kingine mpaka seva yake itaje kuwa inaruhusu tovuti husika. Seva ilikuwa inairuhusu http://www.example.com, na kwa kivinjari ukurasa wa https ni tovuti nyingine, hata kama jina ni lilelile. Tulirekebisha mstari mmoja.

Jambo pekee ambalo hatukulifanya siku ile ni kuweka amri ya Strict-Transport-Security, iliyosanifiwa Novemba 2012, inayokiambia kivinjari kisiijaribu kabisa http kwa muda utakaotajwa. Kivinjari kikishaipokea amri hiyo mara moja kwa https, huziba tundu la ombi la kwanza la kila ziara inayofuata, lile linalopita wazi kabla ya kuhamishwa na 301, lakini haina njia rahisi ya kurudi nyuma: ikishapokelewa na simu ya mteja kwa mwaka mmoja ikiwa imeagizwa kuhusu vikoa vidogo pia, na kikoa kidogo fulani kikagundulika hakina cheti, mteja huyo hataweza kukifungua mpaka tatizo litatuliwe. Tuliiweka wiki iliyofuata kwa sekunde 300, tukaipandisha hadi siku moja, na baada ya mwezi, cheti kilipohuishwa chenyewe mara ya kwanza bila mtu kukigusa, ndipo tukaiandikia mwaka mzima.